Dirisha la Pangoni kwa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na giza!

Na gizani?

Zimwi!

Haya, sogeeni. Na wewe Mbwarali acha kumfinya mwenzio, zimwi la leo halina mzaha. Mchana hujifungia pangoni kwa jiwe, usiku hutoka kuwinda. Likikamata mtu halimtafuni. Linammeza mzima mzima, kisha linarudi gizani kulala.

Siku moja likapita mjini, likaona dirisha la jumba la mfalme. Taa zilikuwa zinawaka ndani, na vioo vya dirisha vilikuwa vyekundu, vya buluu, vya manjano. Zimwi likaduwaa. Tangu lizaliwe halijaona kitu kama kile.

Likamkaba mlinzi. "Nani kafanya haya?"

"Mwanatumu, fundi vioo," mlinzi akajibu.

Basi zimwi likaenda kwa Mwanatumu. Likamkuta binti yake, Kibibi, uani na ndoo yake, likammeza.

"Fundi, mwanao yumo tumboni, yu hai. Nataka dirisha kama la mfalme, ulitie pangoni kwangu. Likinipendeza, nitamtoa. Lisiponipendeza, nitaliambia tumbo limsage."

Tumboni ikasikika sauti: "Mama, nipo."

Mwanatumu alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akawasha tanuri. Akayeyusha mchanga na majivu mpaka vikawa kama uji wa moto, akatia dawa zake za rangi. Vioo vilipopoa akavikata, akavipanga mezani, akaviunganisha kwa vipande vya risasi, yale madini laini yanayopindika, kama mtu anayeshona nguo ya viraka.

Jioni zimwi likaja kukagua.

"Mbona dirisha jeusi kama matope?"

"Kioo hakihukumiwi kimelala, bwana. Subiri kisimame."

"Mama, nipo," ikasema sauti.

Kesho yake likaja tena.

"Mbona bado jeusi kama matope?"

"Kioo hakihukumiwi kimelala, bwana. Subiri kisimame."

"Mama, nipo." Lakini sauti ilikuwa imefifia.

Siku ya tatu likaja na hasira.

"Jeusi kama matope! Umenifanya mjinga. Namsaga."

Mwanatumu akapiga magoti. "Kioo hakihukumiwi kimelala, bwana. Hata mfalme alinitukana dirisha lake likiwa mezani. Nisaidie kulibeba, ulione limesimama."

Safari hii tumbo lilikuwa kimya. Mwanatumu akashika upande wake wa dirisha, wakalibeba mpaka pangoni.

Wakalisimamisha kwenye mdomo wa pango, Mwanatumu akaziba pembeni kwa udongo, akaacha upenyo wa kupita. Kulikuwa bado hakujakucha. Zimwi likakaa ndani, mbele ya dirisha, linanung'unika.

Basi jua likatoka.

Wanangu, sijui niwaambieje. Wekundu ulimwagika sakafuni. Buluu ikapanda ukutani. Zimwi likatazama mikono yake, likaiona ya manjano, likaacha kunung'unika. Kisha mwanga ukalipiga tumboni, na tumbo likawa angavu kama maji ya kisima. Humo ndani walikuwa wamekaa watu, bega kwa bega, wamejaa tele.

Zimwi likainama, likawatazama. Halijawahi kuwaona.

"Nani yule mzee?" likauliza polepole.

"Mzee Kombo, msuka mikeka."

"Na yule mwenye hina?"

"Bibi arusi wa Mwinyi Haji. Mumewe anamngoja mpaka leo."

"Na huyu mdogo, aliyelala juu ya ndoo?"

Mwanatumu akalisogelea tumbo. "Kibibi," akasema. "Wa kwangu mimi."

Zimwi likalishika tumbo lake kwa mikono miwili. Kisha likasema, "Miaka yote hii nilidhani ni nyama."

Likafungua kinywa. Wakatoka mmoja mmoja, wakipita katika mwanga ule, nyuso zao zikibadilika rangi. Kibibi akatoka wa mwisho, akapiga chafya. Mama yake akamkumbatia, hakumwachia mpaka mtoto mwenyewe akalalamika.

"Nilivunje dirisha lako, giza lako lirudi?" Mwanatumu akauliza.

"Liache," likasema zimwi. "Kuanzia leo nataka kuona ninachokula."

Wanasema lilikula mihogo mpaka kufa kwake, na kila kipande lilikigeuza kwanza mwangani.

Hadithi yangu imeishia hapo, mwenye masikio aende nayo nyumbani. Na mjue hili: anayekula gizani hajui anamla nani.