Fimbo Iliyoota Migombani

Bwawa humnong'oneza aliye topeni. Mmelisikia neno hilo leo kwenye kikao, mkakonyezana kama mbuzi walioona chumvi. Haya, tulieni, msikie lilikotoka.

Zamani, katika milima ya Upare, kijiji kimoja kiliishi kwa ndiva, yaani bwawa lililochimbwa kwa mikono juu mlimani. Jioni hufungwa lijae, asubuhi hufunguliwa, mashamba yakanywa. Kila mwaka baragumu lililia, watu wakatoka kwenye msaragambo, kazi ya wote. Ya wote, ila vijana walizoa tope na wazee walikaa pakavu kuamua. Mwenye tope mguuni hakuwa na neno barazani.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimesahau miezi yake. Wazee wakaamua ukingo uinuliwe, maji yalimbikizwe, lisitoke hata tone mpaka siku ya kupanda.

Siku ya tatu ya kazi, binti mmoja, Naelijwa, alihisi tope likimvuta unyayo. Halikumvuta kwa nguvu. Lilimvuta kama mtoto mwenye siri. Akainama. Chini ya maji kitu kilivuta pumzi, kikaishusha. Kitambaa chake cha kichwa kikadondoka, kikazunguka mara mbili, kikazama. Jua lilikuwa utosini, upepo hakuna, na vyura wote walikuwa kimya.

Mchana alishuka kumpelekea bibi yake chakula. Bibi huyo hakuweza kutembea, na nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya ukingo, penye migomba.

"Mjukuu wangu, siku hizi unapanda nguo?" bibi akamtania. "Kitambaa chako kimeota pale."

Kweli. Ncha ya kitambaa ilichomoza ardhini, na ardhi ikawa inakimeza na kukitema, kama inayotafuna.

Naelijwa alipanda mlima mbio.

"Shikamooni wazee wangu. Bwawa linapumua. Lifunguliwe."

Wakaangua kicheko. Mzee Mrutu, mwenye kauli ya mwisho, alifuta machozi. "Linapumua? Basi lina afya! Yaani mizimu imetuacha sisi wenye mvi, ikaenda kupiga soga na mzoa tope?"

"Kama ni mizimu sijui, babu. Najua kitambaa changu kilizama humu kikaotea migombani kwa bibi yangu, na bibi yuko chini ya bwawa hili."

"Tukilifungua leo, tutamwagilia kwa mate?"

"Vua makubazi, babu, uingie. Usiposikia kitu, nitazoa tope hili peke yangu mpaka masika."

Mzee, ili kumaliza ubishi, akavua, akaingia, akachomeka fimbo yake. Tabasamu lilimkaa kidogo, kisha likajiondokea. Fimbo ilikuwa inashuka mkononi mwake, polepole, kama kuna mtu chini anayeipokea kwa heshima. Akaiachia.

"Mkambebe yule bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Wengine fungueni. Lote."

Waliofika migombani waliikuta fimbo imewatangulia. Ilisimama wima kati ya migomba, mpini juu, ikitetemeka. Hakuna aliyeigusa.

Maji ya msimu mzima yakaenda bondeni. Jioni ukingo ukaketi chini taratibu, kama mzee aliyechoka, ukaifukia nyumba ya bibi, tupu. Mwaka ule walikula mahindi ya kuomba kwa jirani, na mahindi ya kuomba, wanangu, hayashibishi. Lakini waliyala wote, hata bibi. Mzee Mrutu alipoulizwa iko wapi fimbo yake, alijibu, "Aliyeichukua bado anaitembelea."

Tangu hapo kikao cha bwawa hakikukaa tena pakavu. Wazee walivua makubazi, wakasimama na vijana topeni, na aliyeanza kusema ni yule ambaye tope lilimpanda zaidi mguuni.

Basi kesho mkiitwa tena kuzungumzia mashamba na mvua zisizoeleweka, msikae nyuma mkikonyezana. Semeni miguu yenu ilichosikia. Bwawa humnong'oneza aliye topeni.