Upupu Aliyeambiwa Kaa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pango!

Na ndani ya pango?

Nafasi tele!

Na mlangoni?

Fisi, roho mbaya!

Haya. Na wewe unayejikuna huko nyuma, acha. Hadithi hii ina mbwa ndani, wasije wakasema viroboto wametoka kwangu.

Hapo kale palikuwa na fisi mkubwa akiitwa Bwana Kingugwa. Alikuwa na pango la vyumba vitatu. Chumba cha kwanza analala. Chumba cha pili anaweka mifupa. Chumba cha tatu anaweka mifupa iliyokosa nafasi chumba cha pili. Masika ikiingia, majirani wanakuja mlangoni na watoto mgongoni.

"Hodi, Bwana Kingugwa!"

"Hapa pamejaa!"

Hata shangazi yake wa damu alijibiwa hivyo hivyo, akarudi kwenye mvua.

Kijijini hapo aliishi kijibwa jike, jina lake Upupu. Aliitwa Upupu kwa sababu hatulii. Huku ruu, kule ruu, utadhani kamwagiwa upupu kweli. Manyoya yake yalikuwa mafupi, mafupi, kama kanyolewa jana. Kiangazi alitamba nayo. Masika, lo! Alitetemeka, tetetete, mpaka meno yakagongana. Masika iliyopita aliugua kifua, akakohoa wiki tatu, akawaaga wenzake kabisa. Alipona kwa bahati. Akajua masika nyingine hapo nje haivuki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kijiji hicho kilikuwa na mila moja. Mwenye nyumba akimwambia mgeni "kaa" mara tatu, na mjumbe akasikia, basi yule si mgeni tena. Ni mkazi. Mkazi hafukuzwi. Mkazi haliwi. Ndiyo maana wageni wa Bwana Kingugwa walizungumza naye wamesimama, mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwaka ule yakatangazwa mashindano ya mbwa. Mbwa akimbie, mbwa aruke gogo, mbwa alete kijiti, na mwisho mbwa aambiwe kaa, naye akae. Mwalimu wa mbwa atakayeshinda atapewa ng'ombe mzima.

Bwana Kingugwa kusikia ng'ombe, mate yakamtoka, do, do, do. Akaenda kwa mbwa kuchagua, huku akiimba chini kwa chini:

"Mbwa akishinda, nala ng'ombe.
Mbwa akishindwa, nala mbwa.
Hi-hi-hi!"

Masikio ya Upupu yalikuwa madogo, lakini yalifanya kazi.

Bwana Kingugwa akawapita mbwa wote, akasimama mbele ya Shungi. Huyu Shungi alikuwa mkubwa, mnene, manyoya marefu yanafagia vumbi. Alikuwa amelala. Akafungua jicho moja, akalifunga.

"Namtaka huyu," akasema fisi. "Ana nyama... yaani, ana nguvu."

"Shikamoo, Bwana Kingugwa," akasema Upupu, akamzunguka mara mbili.

"Marahaba. Ondoka miguuni."

"Umechagua vizuri sana. Ila manyoya yale! Akikimbia, miba inamnasa. Akilowa, anakauka kesho kutwa. Utamchana asubuhi, utamchana jioni, mazoezi utayafanya saa ngapi? Na tuseme, Mungu apishie mbali, umembusu. Yote yanakukwama kooni."

Bwana Kingugwa akashika koo lake. Akameza mate.

"Na wewe je?"

"Mimi? Nifute na jani la mgomba, nimekwisha. Manyoya hayafiki hata jinoni. Na mazoezi ndiyo chakula changu. Tazama!"

Ruu! Akaruka kinu. Ruu! Akaruka mchi. Ruu! Akamruka Shungi, naye Shungi hakuamka.

"Unajua kutulia?"

"Kutulia ni mchezo gani huo?"

Bwana Kingugwa akacheka, hi-hi-hi, akamchukua. Mnaona wenyewe. Alikuja kuchagua, akachaguliwa.

Asubuhi mazoezi yakaanza uani kwa Bwana Kingugwa. Upupu akamwalika Bi Kobe, mjumbe wa kijiji, aje kutazama. Bi Kobe akaja, akasimama kivulini, maana nani angemkaribisha kukaa?

"Kimbia!" Akakimbia, chapu chapu.

"Ruka!" Akaruka.

"Lete kijiti!" Akaleta, na cha pili juu yake.

Bwana Kingugwa kichwani mwake mlikuwa na ng'ombe tu, na ng'ombe ni mkubwa, hakuacha nafasi ya kitu kingine.

"Kaa!"

Upupu akazunguka ua.

"Kaa, nimesema!"

Upupu akazunguka fisi.

"KAA!"

Upupu akasimama tisti, akamtazama Bi Kobe. "Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia mara tatu," akasema Bi Kobe.

"Ahsante, Bwana Kingugwa, nakaa." Upupu akaingia pangoni, akapita chumba cha kwanza, akapita cha pili, akafika cha tatu, akasogeza mifupa, akajikunja.

"Toka!" fisi akabweka. "Nilisema kaa chini!"

"Hukusema chini. Mjumbe, alisema chini?"

"Chini sikuisikia," akasema Bi Kobe.

Bwana Kingugwa alilia kwa hasira, jamani, machozi kabisa. Kafungua kinywa ammeze, akakumbuka: mkazi haliwi. Nusu ya wimbo wake ikawa imepotea hivyo. Ikabaki nusu ya ng'ombe.

Kuanzia siku hiyo Upupu akawa anakimbia mazoezi kila asubuhi. Anafika kwa kanga, anasimama, ananong'ona. Anafika kwa nungunungu, anasimama, ananong'ona. Anafika kwa shangazi yake fisi, hapo alikawia kidogo. Bwana Kingugwa anamtazama kwa mbali: "Kijibwa kina bidii hiki!"

Siku ya mashindano mawingu yakawa mazito. Kijiji kizima kikaja uwanjani. Kanga na vifaranga kumi, wana mkeka. Nungunungu na mkewe, wana mkeka. Shangazi, ana mkeka na chungu. Shungi akaja naye, kwa mara ya kwanza akiwa macho.

Upupu akakimbia, akawaacha wote. Akaruka gogo, ruu. Akaleta kijiti, chapu. Likabaki la mwisho.

"Mwambie akae," akasema Bi Kobe, ndiye mwamuzi. "Nahesabu mpaka kumi. Moja."

Bwana Kingugwa akafungua kinywa, akakifunga. Neno lile lilikuwa linamchoma ulimi.

"Keti!" akasema.

Upupu akaruka ruka. "Hilo hukunifundisha."

"Tatu. Nne."

"Tulia! Chuchumaa! Jibweteke!"

"Sita. Saba."

Ng'ombe akalia, mooo. Bwana Kingugwa akamtazama, mate do, do, do. Akawaza: huyu ameshakaa kwangu. Hata nikimwambia mara mia, hakai zaidi ya alivyokaa.

"Nane. Tisa."

"Kaa! Kaa! KAAA!"

Upupu akakaa, tuli, kama jiwe. Na kanga wakakaa. Na nungunungu wakakaa. Na shangazi akakaa juu ya mkeka wake. Na Shungi akakaa, halafu akalala. Uwanja mzima ukakaa, pu!

"Mjumbe, umesikia?" wakauliza wote.

"Mara tatu," akasema Bi Kobe, "tena kwa sauti."

"Nilimwambia mbwa!" akalia fisi.

"Hukutaja jina," akasema Bi Kobe. "Chukua ng'ombe wako, umeshinda. Na mimi pia nimekaa."

Mvua ikaanza, paa, paa, paa. Wenye mikeka wakakimbia pangoni, Upupu mbele. Bwana Kingugwa akabaki nyuma anavuta ng'ombe, na ng'ombe hataki. Alipofika mlangoni alikuwa anatiririka maji.

"Hodi!"

Wakajibu wote, mpaka vifaranga:

"Hapa pamejaa!"

Ng'ombe akapokelewa lakini, maana nyumba ikipata ng'ombe wakazi wote wanakula. Bwana Kingugwa akapewa mkia na kwato moja. Akasimama pale mlangoni, kichwa ndani, makalio nje, anatetemeka, tetetete.

Upupu akamwona. Mtetemeko ule aliujua, na akamhurumia kweli. Akatoka chumba cha tatu, mkavu, anang'aa.

"Bwana Kingugwa," akasema, "kaa."

Fisi akachangamka! Akasubiri la pili. Akasubiri na la tatu.

Upupu akarudi kulala.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mbwa mwenye manyoya mafupi, asiyetulia, hafai kabisa. Ukitaka mbwa wa mazoezi na michezo, chagua mwenye manyoya marefu, mnene, anayelala. Kama hamniamini, waulizeni wote waliolala pakavu masika ile, kama wakiacha kucheka.

Hadithi yangu imekimbia!

Imekimbia!

Imeruka!

Imeruka!

Imeleta kijiti!

Imeleta!

Haya, hadithi, kaa.

Imekaa!

Nimesema mara moja tu. Nendeni kwenu.