Shina Lililooza Nyuma ya Jiko

Hapo zamani, huko milimani ambako baridi huingia hadi kwenye mifupa, palikuwa na sheria moja. Nyumba yenye mgonjwa wa maumivu yasiyokwisha iliruhusiwa kupanda miche mitatu ya bangi nyuma ya jiko. Mitatu tu, wa nne uling'olewa. Nawaambia mapema, asiwepo wa kuniuliza kwa nini hawakupanda shamba zima.

Mzee Senzighe alikuwa na ruhusa hiyo. Alikuwa mpasua mbao, na siku moja gogo lilimporomokea likamvunja nyonga. Tangu hapo hakuketi kwa raha wala kulala kwa raha. Mkewe, Nanzia, alimchemshia majani ya bangi katika maziwa, na ni kwa kikombe hicho tu mzee alipata usingizi.

Miche ilipofika kiunoni, mashina yakaanza kubadilika rangi. Kwanza yote matatu yakawa ya zambarau huko juu. Kisha shina moja likawa la kahawia huku chini, karibu na udongo, na majani yake yakalegea. Nanzia akaogopa. Akamwita jirani yao, Mavura, ambaye aliwahi kumkuzia mama yake mimea kama ile.

Mavura akasimama kwenye uzio, akatazama. Akasema zambarau ile ni ya baridi tu, na kwamba jioni miche ifunikwe kwa majani ya migomba. Alisema kweli. Lakini hakuinama. Huku chini palikuwa pametandazwa nyasi, naye hakuzifunua.

Nanzia akamwita pia kaka yake mwenyewe, Kiangi, mtu wa kusifiwa kwa kujua udongo. Kiangi akachota udongo kiganjani, akaunusa, akasema una njaa. Akaagiza samadi na maji, maji mengi, asubuhi na jioni. Kuhusu njaa, naye alisema kweli. Lakini naye hakuinama. Nanzia akabeba maji mpaka mabega yakamchubuka, na alipoona hayatoshi akachimba mfereji kutoka mahali pa kuoshea vyombo hadi kwenye mashina. Baada ya wiki mbili mche wa kwanza ukafa, wa pili ukaanza kuwa wa kahawia, na mzee akarudi kuugulia mchana kutwa.

Sasa sikilizeni jambo linalonichoma mpaka leo. Kiangi alipoona samadi yake haikuponya kitu, hakusema kwamba amekosea. Alisema udongo hauwezi kukataa samadi nzuri kiasi kile, kwa hiyo kuna mtu amemwaga maji ya chumvi. Akauliza ni nani katika nyumba hii anayeichukia mimea hii.

Macho yote yakamgeukia Namkunda, mke wa Mbazi, mtoto wa pekee wa mzee. Mwezi mmoja nyuma, Namkunda alikuwa amesema harufu ya mimea inamkohoza mwanawe, akaambiwa asitie neno tena juu ya dawa ya baba mkwe wake. Ushahidi ulikuwa huo tu. Nanzia akamwambia mbele ya majirani afungashe, arudi kwao. Na Mbazi, aliyekula chakula cha mikono ya mkewe asubuhi ileile, aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu. Mzee alikuwa ndani, hakuna aliyemwambia.

Namkunda hakulia. Alichukua kisu cha jikoni, akaenda nyuma ya nyumba, akaung'oa ule mche wa pili uliokuwa ukifa, akalipasua shina mbele yao. Ndani lilikuwa la kahawia na lenye utelezi, na mizizi ilimkatikia mkononi ikinuka kama kinamasi.

"Mama, tazama," alisema. "Chumvi ingeanza kwa kuunguza ncha za majani. Huu umeoza kuanzia chini. Ni maji. Watu wawili waliitwa kuja kutazama shina hili na hakuna aliyeinama akalishika. Na mimi mmenihukumu hivyohivyo, mkiwa mmesimama."

Akafukia mfereji. Akaondoa nyasi kwenye mche wa tatu, akachimba pembeni maji yapate pa kutokea. Halafu akambeba mwanawe akaenda kwao, na hakuna aliyemzuia.

Wiki ileile ikaanguka sakitu, ule umande unaoganda alfajiri, ikaunguza maharage ya kijiji kizima. Mche wa tatu ulikuwa umefunikwa kwa majani ya migomba, haukuguswa. Mizizi ilipokauka kidogo ikaanza kuila ile samadi, mche ukarefuka, ukanenepa, ukazaa mbegu. Mzee akanywa, akapata usingizi tena.

Alipoweza kuketi, akauliza mjukuu wake yuko wapi. Ndipo alipojua kwamba mkwe wake amefukuzwa kwa jina lake. Akakisukuma kikombe, akasema hanywi mpaka Namkunda arudi na wote waitwe. Kwa desturi yao, aliyeokoa dawa ya mgonjwa alipewa mbegu zake, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikiotesha miche ya wagonjwa wote wa milimani. Hapakuwa na heshima iliyozidi hiyo.

Walipokusanyika, Mavura akadai mbegu ni zake, kwa kuwa bila majani ya migomba sakitu ingemaliza kila kitu, mfereji ufukiwe usifukiwe. Kiangi akasema mche ulipona lakini samadi ndiyo iliyouzalisha. Nanzia akaonyesha makovu ya mabega yake, akasema wote hawa walikuja mara moja wakaondoka, na yeye ndiye aliyekuwa hapo kila siku.

Namkunda, aliyeitwa kutoka kwao, alisimama mlangoni na mzigo wake. Akasema yeye ndiye aliyeujua ugonjwa, na akalipwa kwa kufukuzwa.

Kiangi akamgeukia. "Uozo ule unanuka. Wewe unapika hatua tano kutoka pale. Ulianza kuisikia lini ile harufu?"

Namkunda akajibu, "Siku nne kabla hamjanifukuza."

"Na baba mkwe wako anaugulia ndani."

"Niliambiwa nisitie neno tena juu ya mimea ile, mjomba. Nikatii. Kila alipougulia nilisikia, na bado nikatii."

Nanzia alitazama pembeni. Mzee Senzighe alikuwa na mbegu katika ngumi yake, na Namkunda alikuwa bado hajautua mzigo wake.

Basi, nyinyi mlioketi hapa mkisikiliza, sijaficha la mtu. Kuna aliyefunika, kuna aliyerutubisha, kuna aliyebeba maji mpaka akachubuka, na kuna aliyeinama, ila siku nne akanyamaza. Ngumi ile ni yenu sasa. Je, ni nani aliyestahili kufunguliwa ngumi hiyo?