Bi Sange na Pango la Vivuli

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na mafiga yao, wakifua, wakianika na kusutana vibarazani kama sisi, palikuwa na mji mmoja kando ya mto. Sogeeni basi. Na wewe uliyejilaza mkekani, inuka, maana kisa hiki kinakuhusu.

Katika mji huo aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Ni kamnyama kadogo, kanatoshea ndani ya kata ya maji. Kana pua ndefu inayochezacheza, na kakikimbia, fyuuu! unaona majani tu yakitikisika. Bi Sange alikuwa na binti yake, Tunu. Tunu alikuwa msichana mkubwa, anapika na kulea wadogo zake, lakini kwa kimo hakufika hata kwenye goti la mbuzi.

Majirani zao walikuwa Bwana Ndovu na mkewe, Mama Kombo. Mtoto wao Kombo alikuwa mdogo kabisa, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Ila kwa mwili, salaale! Akikaa kibarazani, kibaraza kinalia.

Nje ya mji palikuwa na pango. Humo Fundi Nyani alikuwa akiwasha moto, anachezesha mikono mbele yake, na ukutani vinatokea vivuli vinavyotembea, vinavyopigana, vinavyolia. Kisa chake kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa cha Zimwi la Mtoni, lenye mikono mirefu, linalokaa chini ya maji likiwangoja wanaokuja kunywa.

Kwa kuwa kisa hicho kilitisha, mkuu wa mji, Bwana Kiboko, alikuwa amechora alama ya mkaa kwenye nguzo ya mlango wa pango.

"Anayeifikia alama hii ni mkubwa, aingie," alitangaza. "Asiyeifikia ni mtoto, arudi kwao."

Siku moja Tunu alivaa nguo zake nzuri akaenda. Bwana Kiboko aliinama, akainama tena, ndipo akamwona.

"Wewe nawe! Hata nusu ya nguzo hujaifikia. Rudi ukanyonye!"

"Lakini Bwana Kiboko, mimi ndiye ninayewapikia wadogo zangu."

"Alama haiulizi mambo ya jikoni. Pisha!"

Nyuma yake akaja Kombo na wazazi wake. Kombo aliipita alama kwa kichwa na masikio.

"Karibu, mzee!" Bwana Kiboko alimchangamkia.

"Baba Kombo," Mama Kombo alinong'ona, "huyu jana tu alilia kwa sababu ya jongoo. Tumwache kidogo."

"Tumwache nini? Huoni mwili huo? Wanaume wa ukoo wetu hawaogopi. Ingia, mwanangu!"

Kombo akaingia. Alikaa kimya kisa chote, macho yametulia ukutani, hata Bwana Ndovu akawa anawatazama majirani kwa kujisifu. Kama anayesema, "Mnaona? Hata hakupepesa!"

Kumbe mtoto alikuwa ameganda.

Asubuhi yake walikwenda mtoni kunywa. Kombo alifika ukingoni, akatazama maji, akarudi nyuma.

"Kunywa," alisema baba yake.

"Sina kiu."

Jua lilipopanda walimuuliza tena kama ana kiu. Hana. Jioni, hana. Na ulikuwa wakati wa kiangazi, visima vimekauka, maji yako mtoni tu. Mama Kombo alimchotea kwa mtungi, akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, lakini mtungi kwa ndovu ni kama tone la mate. Midomo ya mtoto ikapasuka. Masikio yakalala. Akawa anashinda nyuma ya nyumba, mbali na upande wa mto, na ukimuuliza ana nini, anatikisa kichwa.

Bwana Ndovu alifoka. Alimsukuma. Alimwambia, "Unaniaibisha!" Kombo akazidi kunywea.

Mama Kombo akaenda kwa Bi Sange, akajibwaga uani, vumbi likatimka.

"Shoga yangu, mtoto ananifia! Baba yake anasema ni ukaidi. Mimi najua ni lile pango."

"Nyamaza, shoga, nyamaza," Bi Sange alimwambia. "Kombo amekwambia anaogopa?"

"Atasemaje? Ameambiwa ukoo wetu hauogopi."

Bi Sange aliichezesha pua yake kushoto na kulia. Waliomjua walipoiona pua ile inacheza vile, walikuwa wanaondoka mapema.

"Basi tuanze na huo ukoo," alisema.

Aliwakuta Bwana Ndovu na Bwana Kiboko kibarazani wanacheza bao. Akarukia ukingo wa bao, akasimama katikati ya kete.

"Hamjambo, mabwana? Nimekuja kuomba alama ya mlangoni ifutwe. Imemweka nje aliyekomaa, imemwingiza ndani asiyekuwa tayari."

"Tayari, tayari! Mwenye mwili huo awe tayari mara ngapi?" alisema Bwana Kiboko. "Mkubwa ni mkubwa tu. Mimi nitishwe na kivuli? Hoo hoo hoo!" Alicheka mpaka kete zikaruka.

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi?" Bwana Ndovu alijivuna. "Hakuna kivuli duniani cha kunitoa mbio."

"Vizuri. Fundi Nyani ana kisa kipya. Kesho mchana mkakitazame nyinyi wawili. Mkikaa mpaka mwisho, mimi na binti yangu hatutaitaja tena alama yenu. Mkitoka mbio, inafutwa, na mtanisikiliza mimi."

"Tumekubali!" walisema pamoja. "Na mji mzima uje ushuhudie!"

Kesho yake mji mzima ulikuja, watoto na wakubwa, wakakaa nje ya pango. Hata Kombo aliletwa, ameegemea miguu ya mama yake. Bwana Ndovu na Bwana Kiboko waliingia kwa maringo, wakakaa mbele kabisa.

Karibu na moto hakuwapo Fundi Nyani. Alikuwapo Bi Sange, aliyepishwa na Nyani, amejibanza nyuma ya jiwe. Nyuma ya jiwe jingine alikuwapo Tunu na wadogo zake, kila mmoja ameshika kipande cha bua la jani la mpapai, lile mnalolipulizaga likalia.

Kivuli cha kwanza kikatokea, kichwa kikubwa chenye pua kama mti. Grrrrr!

"Pua tu hiyo," alisema Bwana Kiboko akipiga miayo.

Kikaja kivuli chenye pembe na meno. Grrrrr!

"Mwambieni Nyani alete la kutisha," alisema Bwana Ndovu. "Tunasinzia huku."

Bi Sange akatabasamu. Akachukua kijitawi chenye mbegu kavu zinazoning'inia, akakitikisa polepole mbele ya moto. Ukutani kikatokea kidoa kimoja kidogo. Kikaongezeka kingine, na kingine, mpaka ukuta mzima ukajaa vidoa vinavyozungukazunguka.

Nnnnzzzzz.

Masikio ya Bwana Ndovu yakasimama.

"Ni vivuli tu," alijiambia. "Ni vivuli. Ni vivu..."

Nnnnnzzzzzzzzz!

"Mama weee! Nyuki!"

Gidigidigidi! Bwana Ndovu aliinuka, akazungusha mwili, akashika njia ya mlango. Bwana Kiboko kuona hivyo, naye mbio! Wakafika mlangoni pamoja. Kwa! Wakanasa, bega kwa bega, vichwa nje, makalio ndani.

"Sukuma!"

"Sukuma wewe!"

"Wananiingia masikioni!"

Pu! Nguzo ikang'oka, alama yake ya mkaa na yote, na mabwana wale wawili wakaporomoka miguuni pa watu.

Watu walicheka wakashika mbavu. Nyuma ya wale wawili akatoka Bi Sange na kitawi chake, na Tunu na wadogo zake wanapuliza mabua, nnnzzz, nnnzzz.

"Bwana Kiboko, ulikuwa unakimbia nini?" aliuliza Bi Sange.

Bwana Kiboko alifikiri. "Sijui," alisema. "Nimemwona Ndovu anakimbia."

Watu wakacheka upya. Mmoja tu hakucheka. Kombo alikuwa amekaza macho kwa baba yake.

"Baba," alisema kwa sauti iliyokauka, "hata wewe unaogopa?"

Bwana Ndovu alitazama kile kitawi na zile mbegu kavu. Alitaka kufoka, lakini akaiona midomo ya mwanawe iliyopasuka, na ufokaji wote ukamtoka.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Naogopa nyuki. Tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Nilijua ni vivuli, na miguu imekimbia hivyo hivyo."

"Mimi naogopa zimwi," alisema Kombo. Basi maneno yakamtoka kama maji ya mtungi uliopasuka. "Linakaa chini ya maji! Lina mikono! Nikitia mkonga wangu, litauvuta, na nyinyi mtakuwa mmegeuka upande wa pili hamnioni!" Akalia, na mama yake akalia, na Bwana Ndovu akamzungushia mkonga wake akamvuta kifuani.

Bi Sange hakulia. Alikuwa na kazi.

"Njoo, Kombo. Mlango uko wazi, jua linaingia, baba na mama wako hapa. Njoo uone zimwi linavyotengenezwa."

"Silitaki, mama mdogo."

"Basi tusimame hapa hapa mlangoni. Wewe utaniambia lini tusogee."

Walisimama. Baada ya kitambo Kombo alisema, "Hatua moja." Baadaye akasema, "Nyingine." Fundi Nyani, aliyekuwa nje na watu, akaingia akakaa mbele ya moto, akaonyesha vidole vyake: hivi ni mikono ya zimwi, hivi ni meno. Kombo akainua mkonga wake mwenyewe. Ukutani likatokea jitu lenye shingo ya nyoka. Akaushusha, jitu likaanguka. Akaupandisha, likafufuka. Kwanza akatabasamu. Halafu akacheka, hi hi hi, kicheko cha mtoto mchanga katika mwili ule wote.

Jioni walikwenda mtoni. Bwana Ndovu aliingia kwanza, akakoroga maji yote ya ukingoni. "Tazama. Hakuna kitu. Na mimi sigeuki upande wa pili." Kombo alitia ncha ya mkonga. Akautoa. Akautia tena. Akanywa, gu gu gu gu, mpaka tumbo likawa ngoma.

Iliposimikwa nguzo mpya, Bwana Kiboko alikuja kwa Bi Sange akikwepa kumtazama usoni.

"Sasa bila alama, Bi Sange, tutajuaje mtoto yupi aingie?"

"Msimulieni mwanzo wa kisa mchana kweupe, amekaa karibu na mtu wake. Akiwauliza, 'Halafu ikawaje?' endeleeni. Akiuliza, 'Linakaa wapi? Linakuja huku?' simamisheni, mpeni uji. Na msiseme wengine wote wameshaona. Wao ni wao."

Tunu aliposimuliwa mwanzo, aliuliza, "Halafu ikawaje? Na lile zimwi lilikuwa linakula nini kabla watu hawajaja?" Akaingia na mama yake, akatazama mpaka mwisho, na alipotoka alimwambia Fundi Nyani kwamba zimwi lake limekonda mno, haliaminiki.

Kombo naye alikuja na wazazi wake mvua za kwanza ziliponyesha. Watu wakamwangalia. Alikuwa ameongezeka, ile alama ya mkaa ingemfika kifuani tu.

"Uko tayari, mwanangu?" aliuliza Bwana Ndovu.

Kombo alichungulia ndani. Alisikiliza. Akafikiri sana.

"Bado, baba."

"Haa! Na mwili huo?" alisema mmoja katika umati.

Bwana Ndovu aligeuka, akamtazama huyo mtu kutoka juu mpaka chini.

"Umemsikia mtoto," alisema. "Amesema bado." Akamshika mwanawe mkonga, wakaenda zao kuchuma ukwaju.

Basi, watoto wangu, na wakubwa mliojibanza huko nyuma mkisikiliza: mtoto hapimwi kwa nguzo, huulizwa, na akijibu husikilizwa.