Siku Saba Bila Sauti

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda cha sabuni za mche pembeni mwa mji wa Muheza. Jina lake Shemweta. Aliajiri watu thelathini, na hakuwa mtu mbaya: aliyefiwa alizika naye, aliyejifungua alimpelekea khanga. Ila aliamini kwamba mwenye kiwanda ni mdomo, na wafanyakazi ni mikono.

Mwaka ule alichimbisha kisima uani, akakifurahia kama mzaliwa wa kwanza. Haikupita miezi miwili, sabuni zikaanza kumomonyoka. Mche uliokatwa asubuhi, jioni umepasuka. Wenye maduka wakazirudisha katoni kwa katoni. Shemweta akapanda juu ya meza, akasema watu wamekuwa wavivu. Kesho yake akasema tena. Akabandika matangazo ukutani, akabadilisha zamu. Kadiri alivyosema ndivyo walivyonyamaza. Walikoroga kwa sababu wamelipwa kukoroga, macho yao kwenye saa.

Mwishowe koo likamvimba. Daktari akamwonya asitamke neno siku saba, la sivyo sauti itampotea kabisa.

Siku ya kwanza alijifungia ofisini. Siku ya pili upweke ukamshinda. Akashuka, akavuta kiti, akaketi karibu na pipa la Bi Riziki, mwanamke aliyekoroga sabuni pale miaka kumi na minane. Riziki alingoja akemewe. Hakukemewa. Akamtazama mzee yule alivyoushika mche uliopasuka na kuuzungusha mkononi, na kwa mara ya kwanza hakumwona bosi. Alimwona mtu mwenye huzuni. Akauweka mwiko chini.

"Mzee Shemweta, si uvivu. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haishikani. Tulijua tangu wiki ya kwanza, lakini kila tulipotaka kukuambia, wewe ulikuwa bado hujamaliza kusema."

Shemweta akafungua kinywa, akamkumbuka daktari, akakifunga. Ndipo maneno yale yakamwingia. Akainuka, akaenda kisimani, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Mabega yakaanza kumtikisika. Watu wakadhani analia, kumbe anacheka bila sauti, akijipigapiga kifuani kama anayesema: mimi, mimi. Riziki akaangua kicheko, na wote wakamfuata.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Siku hiyohiyo wakapanga mapipa chini ya paa kukinga maji. Fundi akatoa wazo la waya wa kukatia alilokaa nalo miaka mitatu. Mpakiaji naye akatoa lake. Shemweta akayaandika yote. Siku ya sita waya ukapita katika sabuni mpya, na jioni ilipofika hapakuwa na ufa hata mmoja. Vigelegele vikapigwa mpaka wapita njia wakachungulia getini, wakiuliza bi harusi ni nani.

Siku ya nane sauti ikarudi. Wafanyakazi wakakusanyika wasikie hotuba. Shemweta akasimama chini, katikati yao, akasema, "Haya, nani ana la kuniambia?" Mikono kumi na saba ikanyooshwa.

Ndugu zangu mliokabidhiwa watu, iwe kazini au nyumbani: ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yako alikuambia jambo usilopenda kulisikia, nawe ukamshukuru?