Karatasi Mbili Kwenye Kikapu Kimoja

Wapendwa, najua mmeshajiweka tayari kufumba macho tuwaombee jirani zetu wenye vita na wakimbizi wao. Subirini kwanza. Fumbueni. Na wewe ndugu pale nyuma, uliyefumba tangu wimbo wa pili, fumbua na wewe. Nina mfano.

Palikuwa na kanisa moja katika mji mdogo wa mpakani. Lilikuwa kanisa la waombaji hasa, si mchezo. Nchi ya pili ilikuwa inawaka vita, nao kila Jumapili waliiombea kwa kufunga na kwa machozi. Karibu na madhabahu waliweka kikapu. Mwenye ombi aliliandika kwenye karatasi, akaikunja, akaitumbukiza humo. Kambi ya wakimbizi ilikuwa mbali kidogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli, kwa hiyo mwinjilisti wao alikwenda huko kila Jumamosi kwa pikipiki yake kuhubiri, akarudi na karatasi za wakimbizi na kuzitia katika kikapu kilekile. Jumapili wazee wa kanisa walikizunguka, wakakiwekea mikono, wakaomba mpaka mashati yakashika mgongoni kwa jasho. Mwisho wa mwezi karatasi zote zilichomwa nyuma ya kanisa huku kwaya ikiimba.

Lakini palikuwa na sharti moja: karatasi hazisomwi. Msicheke, walikuwa na sababu. Zamani mtu aliandika mambo ya nyumbani kwake, na kabla ya saa sita mchana mambo yale yalikuwa yameshafika sokoni kwenye meza za nyanya. Ndipo mzee wa kanisa, Mzee Sadoki, mtu mkali lakini mwenye moyo safi, akapiga marufuku.

"Anayesoma ni Bwana," alisema. "Kazi yetu sisi ni kuomba." Kanisa zima likaitikia amina.

Sasa, kule kambini alikuwepo mama mmoja, Feza. Vita vilimkuta siku ya soko akiwa na mimba ya miezi saba. Risasi zilipoanza, yeye alikimbia na wanawake wenzake kupitia msituni. Mumewe, Wilondja, fundi cherehani, alikuwa upande wa pili wa soko, akakimbilia njia nyingine. Tangu siku hiyo hawakuonana tena. Feza alijifungulia kambini, mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kambi. Lakini mtoto hakuwa na jina. Katika ukoo wao jina la mtoto hutolewa na baba yake, na baba asipojulikana kama yu hai au amekufa, mtoto anangoja. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama kwa kushika kigoda, na bado watu wanamwita "Mtoto" tu. Alikwenda mara ngapi kwenye ofisi ya kambi kuuliza? Jina la mumewe halikuwepo kwenye orodha. Basi kila Jumamosi mama huyu aliandika karatasi, akampa mwinjilisti.

Na Wilondja je, alikuwa wapi? Tulieni, nakuja huko.

Wilondja alikuwa mjini. Alikuwa anashona barazani kwa mshirika mmoja wa kanisa lilelile, hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa! Hakupita kambini, ndiyo maana hakuandikwa. Wala hakwenda kumtafuta mkewe huko, kwa sababu njiani aliambiwa kwamba wale wanawake waliopita msituni walirudishwa nyuma wote, wako ng'ambo, vitani. Aliyemwambia hakuwa mwongo, naye alisikia kwa wengine. Basi kila Jumapili fundi huyu naye aliandika karatasi yake, akaitia kikapuni, akarudi kwenye benchi lake akilia kimya. Na kile kitambaa cheupe cha kukifunikia kikapu, mnajua nani alikishona? Yeye. Alikishona bure, kwa upendo, akakitia na ua la bluu pembeni.

Mnaiona hali ilivyo? Karatasi ya mke na karatasi ya mume zinalala katika kikapu kimoja, chini ya kitambaa alichoshona mume mwenyewe. Wazee wanaziwekea mikono zote mbili kwa mara moja. "Ee Bwana, waunganishe waliotengana!" Halafu mwisho wa mwezi zinachomwa pamoja. Mara kumi na moja, wapendwa. Kumi na moja!

Mwezi wa kumi na mbili mvua ikanyesha, na bati la kanisa lile lilikuwa na tundu. Jumatatu asubuhi mfagiaji wa kanisa, Mama Yoramu, akakuta kikapu kimeloa chapachapa. Maskini, akashtuka. Maombi ya watu yaoze? Akaanza kuzifungua karatasi moja moja na kuzianika juu ya mabenchi, kila moja na kijiwe juu yake zisipeperuke. Ameanika, ameanika, mara akasimama kama aliyeitwa. Akarudi benchi la tatu. Akaenda tena benchi la saba. Akarudi la tatu.

Wakati huohuo Mzee Sadoki akaingia.

"Mama Yoramu! Umefungua maombi ya watu?"

"Shikamoo, mzee. Yalikuwa yameloa."

"Marahaba. Hata kama yameloa! Si tulikubaliana anayesoma ni Bwana?"

"Tulikubaliana, mzee wangu. Lakini Bwana mwenyewe ndiye aliyeniloweshea. Haya, nifukuze kazi baadaye. Kwanza vaa miwani yako usome hizi mbili."

Mzee akavaa miwani kwa hasira. Ya kwanza ilisema: "Mimi ni Feza, niko kambini. Ombeni mume wangu Wilondja, fundi cherehani, apatikane ampe mtoto jina." Ya pili: "Mimi ni Wilondja, fundi. Ombeni Mungu amlinde mke wangu Feza aliyebaki ng'ambo na mimba yetu. Sijui kama walipona."

Mzee Sadoki alikaa chini. Benchi lilikuwa na maji, akakaa humohumo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, huyu si fundi wetu?"

"Ndiye huyohuyo, mzee. Aliyekushonea hiyo suruali unayoilowesha."

Basi yule mzee, miaka yake sabini na ushee, akatoka mbio kuelekea barazani. Watu walidhani kanisa linaungua. Wilondja alipoelewa anaambiwa nini, alisimama na futi yake ya kupimia ingali shingoni, akapanda nyuma ya pikipiki ya mwinjilisti, na nguo ya mteja akaiacha nusu chini ya sindano.

Feza alikuwa anachambua maharage mbele ya hema. Aliona pikipiki, akaona futi shingoni, akainuka, ungo ukamwagika. Alikwenda akamshika mumewe uso kwa mikono miwili, akamtazama, akamtazama tena. Halafu akasema, "Baba, mtoto wako hana jina."

Wilondja akambeba mwanawe. Na mtoto, wapendwa, akamwona mwanamume mgeni mwenye machozi hadi kwenye ndevu, akapiga yowe! Kambi nzima ikacheka. Wanawake wakapiga vigelegele, waliokuwa kwenye foleni ya maji wakaacha ndoo zao wakaja kuona. Katikati ya kicheko na yowe lile, baba akauliza kwanza ni nani aliyeziona karatasi. Alipoambiwa, akampa mtoto jina: Yoramu. Na yule Mama Yoramu hadi leo anawatambia wenzake kwamba ana akina Yoramu wawili, na wa pili hakumsumbua hata kumzaa.

Haya. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Sasa niulize. Mungu aliyajibu maombi yale siku gani? Siku ya mvua? Hapana. Alijibu Jumapili ile ya kwanza, alipoweka karatasi mbili katika kikapu kimoja. Mngetaka afanye nini zaidi ya hapo? Sisi ndio tuliolifunika jibu lake kwa kitambaa, tukaliwekea mikono, tukalichoma moto huku tukiimba.

Sisemi tuache kuomba. Nani amesema? Vita havijaisha, na nchi ile haina mwingine wa kuilinda ila Mungu. Mzee Sadoki hakukosea kuomba. Alikosea kudhani kwamba akishaomba, mikono yake imemaliza kazi. Mungu humleta mtu mlangoni petu, sisi tunamwomba Mungu huyohuyo amlete.

Mnanitazama mnajiuliza lile kanisa ni lipi. Acheni kulitafuta. Geuzeni macho hapa mbele. Kile ni nini pale, kando ya meza ya Bwana? Ni kikapu. Kimefunikwa na nini? Kina karatasi za wakimbizi tangu lini? Nani kati yetu amewahi kusoma hata moja? Mimi mchungaji wenu sijasoma. Nasema mbele zenu na mbele za Mungu, na inaniuma.

Shemasi, ondoa kitambaa. Nenda nacho benchi kwa benchi. Kila mmoja achukue karatasi moja, aisome mpaka mwisho, na akiona jina analolijua, au kazi anayoiweza, au mtaa anaoupita kila siku, asimame hapohapo aseme. Mambo yatakayosomwa humu yasifike sokoni, tumeelewana? Haya, tuombe. Ila leo hakuna kufumba macho.