Jino la Mnunuzi wa Mahindi

Mtu mmoja alikuwa na jino lililomlisha yeye na nyumba yake. Jina lake Lwitiko, mnunuzi wa mahindi. Katika kila gunia alichomoa punje, akaing'ata. Ikilia ka! ni kavu, ananunua; ikibonyea, anamshukuru mwenye gunia na kwenda zake. Hakuna aliyewahi kumuuzia kwa maneno matamu.

Lakini akishika simu, jamani, jino lilikwenda likizo. Humo alimwona mkuu wa mkoa wa ng'ambo ya mto akikanyaga matope, akikaripia wahandisi, akifungua bomba maji yakaruka. Akatuma mioyo. Akaandika kwamba huyo ndiye kiongozi, wa kwao ni mzigo tu. Na mkuu wa mkoa wa kwao, mwanamke, Lwitiko hakuwahi hata kwenda kumsalimu, ingawa kila Alhamisi mama yule alikaa barazani kusikiliza watu. Basi Lwitiko akaamua kuhama. Akang'oa mashine yake ya kusaga, akaipakia kwenye lori, akatangaza kuiuza nyumba.

Mkewe Sekela, aliyezaa watoto wanne katika nyumba ile, alisimama mbele ya lori.

"Baba Lusajo, mahindi hununui bila kuyang'ata. Huyu wa kwenye simu umemng'ata lini?"

Swali lilimchoma. Akaliacha lori, akavuka mto peke yake. Bomba alilikuta, na maji yalitoka kweli, ila siku mbili kwa wiki. Mkuu naye alimwona: mtu mwema, mchovu, mwenye ahadi zilizotimia na nyingine zilizolala. Na pale kwenye foleni ya ndoo, watu wameinamia simu zao, wanammwagia sifa yule mama wa kwao Lwitiko kwa daraja alilojenga, wanatamani kuhamia kwake! Daraja lenyewe Lwitiko alipita juu yake kila siku ya soko, wala hakuwahi kulisifu. Tena halikuwa na kingo za kushikilia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alirudi na moyo mweupe. Mashine ikashushwa, Sekela akapika. Alhamisi alikuwa wa kwanza barazani. Akamshukuru mama yule kwa daraja, kisha akamuuliza kingo zake ziko wapi. Akajibiwa, akaenda nyumbani ameridhika, maana jibu lile alilisikia na kulipima mwenyewe, kama anavyong'ata punje.

Nawe unayenisikiliza, simu iko mkononi na meno unayo: yanafanya kazi gani?